Maji, gharama za shambani na bei ya chakula: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi Tanzania, na Kenya pale masoko ya nchi hizi mbili yanapogusana. Bei na mavuno yaliyomo kwenye hesabu ni ya mfano. Weka ya kwenu, njia ya kukokotoa haibadiliki.

## Mambo ya msingi

1. Maji yakipungua, bei ya chakula inapandaje hasa?

Kwa njia mbili zinazokutana. Mavuno yanapungua, kwa hiyo wanunuzi walewale wanagombania mzigo mdogo. Wakati huohuo, maji yaliyobaki yanakuwa ghali kuyafikia: mto umeshuka, kisima kimerudi chini, zamu ya mfereji imekuwa ya usiku.

Kinachosahaulika ni kwamba mkulima analipa kwa ekari, mlaji ananunua kwa kilo. Kulima, mbegu, mbolea na palizi vilishalipwa kabla mvua haijakata. Ekari iliyogharimu Sh 600,000 ikitoa gunia 15 za mahindi, kila gunia limebeba Sh 40,000. Ikitoa gunia 8, kila moja limebeba Sh 75,000. Hakuna pembejeo iliyopanda hata senti, lakini gharama ya gunia imekaribia kuwa maradufu. Majibu mengi yanayofuata yanarudi kwenye kugawanya huku.

2. Zao moja linataka maji kiasi gani?

Wataalamu hupima kwa milimita, kama mvua. Milimita moja juu ya ekari moja ni kama lita 4,050, yaani madumu 200 ya lita 20. Kwa msimu mzima, kitunguu kinataka milimita 350 hadi 550, kabichi 350 hadi 500, nyanya 400 hadi 600, mahindi 500 hadi 800. Mpunga wenyewe unatumia 450 hadi 700, ila hapo hayajahesabiwa maji ya kulainisha shamba wala yanayozama ardhini (tazama swali la 12).

Ekari ya nyanya kwa milimita 500 ni lita milioni mbili, sawa na maboza 200 ya lita elfu kumi. Anayeuliza kama anaweza kuokoa shamba kwa kununua maji ya boza, jibu lipo hapo.

Kiasi peke yake hakitoshi, wakati pia una uzito wake. Mahindi yakikosa maji wiki mbili kabla na baada ya kutoa mbelewele na ndevu, magunzi yanabaki na mapengo hata kama mvua ilikuwa nzuri tangu kupanda, na mvua ya baadaye hairudishi kitu. Nyanya inayokaushwa kisha kufurikishwa inaoza kitako: maji ndiyo yanayobeba kalisiamu hadi kwenye tunda, na yakija kwa kukatika tunda linaikosa. Nyanya ya namna hiyo inatupwa hata kama tenga limejaa.

3. Kwa nini bei ya nyanya inaruka ndani ya wiki mbili, ya mahindi inachukua miezi?

Mahindi yana ghala katikati. Yaliyovunwa Mei hadi Agosti nyanda za juu kusini yanaliwa mpaka mwaka unaofuata, na mwenye akiba anaachia kidogokidogo. Nyanya haina ghala; iliyochumwa Jumatatu Ilula inatakiwa iwe imeuzwa Dar es Salaam kabla ya Ijumaa. Ukosefu wa wiki moja shambani ni ukosefu wa wiki moja sokoni, na bei inashuka kwa kasi ileile iliyopandia. Kitunguu kiko katikati: kilichokaushwa vizuri shingo kinakaa miezi mitatu na zaidi, kilichovunwa kwenye mvua hakifiki hata mmoja.

4. Gharama zikipanda, si mkulima anaongeza bei tu?

Hawezi. Siku ya kuuza gharama zimeshapita, na mnunuzi haulizi ulitumia petroli lita ngapi. Bei ya siku hiyo inatokana na mizigo iliyoingia soko na pesa ya wanunuzi. Mwaka ambao kila mtu kavuna vizuri, mkulima anauza chini ya gharama na hana la kufanya.

Gharama inaingia kwenye bei msimu unaofuata, kupitia uamuzi wa kupanda. Aliyepata hasara analima nusu ekari badala ya mbili, au anahamia alizeti. Wakifanya hivyo wengi, mzigo unapungua na bei inapanda. Bei nzuri inavuta watu, wanapanda wote kwa pamoja, inaanguka tena. Ndiyo maana kupanda kitunguu kwa sababu tu jirani aliuza ghali mwaka jana huishia vibaya.

## Gharama za shamba

5. Kumwagilia nyanya kwa pampu ya petroli kunaongeza shilingi ngapi kwenye tenga?

Chukua ekari moja, mahitaji ya milimita 5 kwa siku: lita 20,000. Kwa mifereji ya udongo shambani, karibu nusu ya maji huzama pasipo na mizizi au hutoka nje, kwa hiyo unavuta lita 40,000. Pampu ndogo ya inchi 2 inayotoa lita 15,000 kwa saa na kunywa lita moja ya petroli itafanya kazi saa 2 na dakika 40. Petroli ikiwa Sh 3,000, hiyo ni kama Sh 8,000 kwa siku. Humwagilii kila siku, lakini mahitaji ya siku unazoruka yanajumlishwa kwenye siku unayomwagilia. Kwa siku 90 ni Sh 720,000. Ekari ikitoa matenga 200, maji peke yake ni Sh 3,600 kwa tenga, kabla ya oili, fundi na mshika bomba.

Sasa mto ushuke. Pampu inavuta kutoka chini zaidi, inatoa lita 10,000 kwa saa na kunywa petroli ileile. Kazi inakuwa saa 4, Sh 12,000 kwa siku, Sh 1,080,000 kwa msimu. Maji bado hayatoshi, unapata matenga 120. Tenga moja sasa limebeba Sh 9,000 za maji: mara mbili na nusu, na bei ya petroli haijatikisika.

Kosa linalorudiwa ni kuiacha pampu juu ya kingo maji yanaposhuka. Pampu hizi hazivuti vizuri zaidi ya mita 6 au 7, na ukiwa mwinuko wa Iringa au Njombe zinavuta pungufu ya hapo kwa mita moja au zaidi, kwa sababu hewa ni nyepesi. Chonga ngazi kwenye kingo, ishushe pampu karibu na maji, urefu uliobaki iusukume. Kusukuma inaweza, kuvuta ndiko kunakoishinda. Kagua pia mpira wa kuvutia: ufa mdogo unaoingiza hewa unapunguza maji bila kudondosha hata tone, kwa hiyo hauonekani.

6. Mbolea ilipopanda 2022 unga ulipanda. Ruzuku ilipokuja, mbona unga haukushuka?

Kwa sababu mahindi yaliyokuwa sokoni yalikuwa yameoteshwa na mbolea ya bei ya kabla ya ruzuku. Tanzania ilizindua ruzuku Agosti 2022, ikashusha mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea hadi takriban Sh 70,000. Mbolea hiyo iliingia ardhini kuanzia vuli na msimu wa 2022/23, na mavuno yake yakaja katikati ya 2023. Katikati hapo mvua za vuli za 2022 zilikuwa mbaya kaskazini mwa nchi na Kenya, ambako ukame ulikuwa umekula misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Wanunuzi wa Kenya walikuwa wanafuata mahindi kusini.

Kiasi chenyewe kinahesabika. Tuseme mfuko umepanda Sh 60,000 na ekari inakula mifuko miwili na nusu: nyongeza ni Sh 150,000. Kwa gunia 15, ni Sh 10,000 kwa gunia, au Sh 100 kwa kilo ya mahindi. Sembe inapatikana kama kilo 75 kwa gunia, kwa hiyo kilo ya sembe inabeba karibu Sh 130. Unga ukipanda Sh 600, nyingi ya hizo hazikutoka kwenye mbolea. Tafuta mvua, usafiri na mpaka.

Kenya ilianzia kwenye unga. Julai 2022 serikali iliagiza pakiti ya kilo 2, iliyokuwa imevuka KSh 200, iuzwe KSh 100. Ndani ya wiki chache mpango ulikwisha, na madukani ilikuwa haionekani. Baadaye ruzuku ilihamia kwenye mbolea: mfuko KSh 3,500 kuanzia Septemba 2022, kisha KSh 2,500 mwaka 2023. Ruzuku ya mbolea inachelewa kufika kwenye sufuria, lakini inaongeza mahindi. Ya unga haiongezi hata punje.

7. Kwa nini wakulima wengi hawaweki mbolea ya kutosha hata ikiwa na ruzuku?

Watu huita uzembe. Mara nyingi ni hesabu. Ekari bila mbolea igharimu Sh 250,000, itoe gunia 8 mwaka mzuri na 4 mwaka wa ukame. Ekari yenye mbolea igharimu Sh 500,000, itoe 18 mwaka mzuri na 6 mwaka mbaya. Mwaka mzuri mwenye mbolea anashinda: gunia linamgharimu Sh 27,800, mwenzake Sh 31,250. Mwaka wa ukame linamgharimu Sh 83,300, mwenzake Sh 62,500, na huenda pesa ilikuwa ya mkopo.

Kwa anayetegemea mvua, mbolea ni dau juu ya maji. Ndiyo maana ekari yenye uhakika wa maji huvuta mbolea yenyewe, bila semina. Njia ya katikati ni kuigawa: weka ya kupandia, kisha subiri. Urea ya kukuzia iende mahindi yakifika magotini na udongo una unyevu. Mvua isipokuja, mfuko unabaki ndani kwa msimu ujao. Urea iliyoachwa juu ya udongo bila kufukiwa inapotea hewani, hasa kwenye joto na unyevu. Fukia sentimita 5.

8. Umwagiliaji wa matone unapunguza gharama kweli?

Unapunguza maji. Kwa mfano wa swali la 5, matone yanafikisha karibu asilimia 90 kwenye mizizi, kwa hiyo badala ya lita 40,000 unavuta kama 22,000, na petroli inashuka kwa uwiano huo. Ukiweka na mbolea ya maji unaokoa pia mbolea na palizi, maana katikati ya mistari ni kukavu.

Kinachoua mfumo ni kuziba. Weka kichujio cha sahani kabla ya mpira mkuu, kioshe kila siku ya kumwagilia kama maji ni ya mto, na kila wiki fungua ncha za mipira maji yakimbie mpaka yatoke meupe. Maji ya kisima yenye chuma (yanayoacha kutu kwenye ndoo) yapumzike kwanza kwenye tangi au bwawa ili chuma kishuke. Usichanganye mbolea ya kalisiamu na yenye fosfeti au salfeti kwenye pipa moja: zinatengeneza unga mweupe kama chokaa na tundu zote zinaziba.

Kosa la pili ni tangi fupi na mistari mirefu. Kila mita moja ya kimo inatoa shinikizo la bar 0.1 tu. Tangi la mita mbili linahudumia mistari mifupi ya mita 15 au 20 kwenye eneo tambarare. Ukiivuta mita 60, ya mwanzo inafurika na ya mwisho inanyauka. Kwa mahindi ya kawaida usihangaike, zao halilipi. Nyanya, pilipili hoho, tikiti na kitunguu zinalipa, hasa ukizielekeza kwenye miezi ambayo soko limekauka.

9. Na pampu ya sola?

Lita ya maji inakuwa haina bei tena, na hapo pana mtego. Mwenye petroli anazima pampu pesa ikiisha. Mwenye sola anaiacha mpaka jioni. Kwenye bonde lenye visima vingi, maji ya chini yanashuka msimu hadi msimu, na pwani chumvi inasogea kisimani. Ukiona kisima kinachukua muda mrefu kujaa kuliko mwaka jana, punguza saa za kuvuta kabla ya kufikiria kuongeza kina. Kwa ukubwa wa mfumo, pangilia saa 5 hadi 6 za jua kali kwa siku, na uhifadhi maji tangini badala ya kununua betri.

## Mto, mfereji na zamu

10. Tuko skimu moja, tunalipa ada sawa. Mbona wa mwisho wa mfereji hawapati maji?

Mfereji wa udongo unapoteza njiani, kwenye kuta, majani na matobo ya wizi, na hasara yote inaangukia mkiani. Ada ikiwa sawa kwa ekari, wa mkiani analipia maji anayoyasikia tu.

Tiba ya bei ndogo ni ratiba. Kiangazi gaweni zamu kwa saa, siyo kwa "mpaka shamba lijae", na mwanzieni wa mwisho kwanza. Fungueni mlango mmoja kwa wakati: maji mengi kwa muda mfupi yanafika mbali, maji kidogo yakitandazwa kwenye milango kumi yanazama yote. Safisheni mfereji kabla ya zamu ya kwanza, majani yasingoje mkutano mkuu. Upareni wazee walilijua hili kwa ndiva: maji ya usiku yanakingwa bwawani, asubuhi yanafunguliwa kwa mkupuo, yanafika mashamba ya chini. Kijito kilekile kikiachwa kitiririke polepole usiku kucha kisingefika.

11. Nahitaji kibali kuvuta maji mtoni?

Kwa pampu au mfereji wa kilimo, ndiyo. Tanzania Bara imegawanywa mabonde 9, kila moja na bodi yake ya maji, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kibali kinataja kiasi na chanzo, na kuna ada ya matumizi. Kuchimba kisima kirefu kuna kibali chake. Wakulima wadogo hurahisishiwa wakiomba pamoja kupitia jumuiya ya watumia maji. Kenya mamlaka husika ni ile ya rasilimali za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016.

Faida yake huonekana mwaka mbaya: maji yakigawanywa upya, asiye na kibali hana pa kusimamia. Kibali hata hivyo hakitengenezi maji. Mto ukikauka, mnakatiwa wote.

12. Mpunga unalaumiwa kumaliza maji. Kuna njia ya kulima kwa maji machache?

Lawama ina msingi. Mto Ruaha Mkuu, unaopita nchi ya mpunga ya Usangu, ulianza kukatika kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, na chini yake kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kulainisha shamba peke yake kunaweza kula milimita 150 hadi 250 kabla mche haujagusa tope.

Kilimo shadidi kinapunguza. Miche ya siku 8 hadi 12, mmoja kwa shimo, sentimita 25 kwa 25, shamba halifurikishwi muda wote. Mbegu ni kilo 3 kwa ekari mahali pa 20 na zaidi. Kujua lini urudishe maji, chimbia bomba la plastiki lenye matundu pembeni, sentimita 15 chini ya uso wa tope. Maji yakishuka mpaka huko, fungulia. Yakiwa juu ya hapo mizizi bado inanywa. Wakati wa kuchanua acha maji yasimame, usijaribu kubana. Njia hii ya kulowesha na kukausha inaweza kuokoa hadi asilimia 30 ya maji.

Inakoshindwa: shamba lisilosawazishwa (pabondeni mche unazama, pamwinukoni magugu yanasherehekea), palizi isiyo na kipalilizi cha kusukuma, na skimu ambayo zamu inarudi baada ya siku kumi. Asiyejua maji yatarudi lini atajaza shamba mpaka kingo, na nani amlaumu. Kwa hiyo kabla ya kufundisha kilimo shadidi, rekebisheni swali la 10.

## Kutoka shambani hadi sahani

13. Mpunga umepanda Sh 100 kwa kilo. Mchele utapanda kiasi gani?

Kama Sh 160. Gunia la kilo 100 za mpunga hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Ukinunua mpunga Sh 1,000 na kupata kilo 63, mchele umeshakugharimu Sh 1,590 kabla ya kukoboa, kupanga madaraja na nauli. Mpunga uliokosa maji wakati punje zinajaa, au ulioachwa shambani ukauke kupita kiasi, unakatikia mashineni: uzito unakaribia uleule, lakini chenga ni nyingi na bei ya chenga unaijua.

14. Mkulima analia bei ndogo, mlaji analia bei kubwa. Pesa inaishia wapi?

Sehemu kubwa inaliwa na nauli, magunia, wapakiaji, ushuru wa mazao, dalali na mzigo unaooza. Nyanya ikioza tenga moja kati ya matano, manne yaliyobaki yanalipia la tano. Barabara ya vumbi inaongeza yote mawili, nauli na kuoza.

Halafu kuna lumbesa. Gunia lililoshonewa kilemba linabeba kilo 120 au zaidi na linalipwa kama la 100. Bei ya gunia haijapungua, ya kilo imepungua kwa asilimia 17. Mlaji haipati nafuu hiyo, kwa sababu sokoni mzigo unafunguliwa na kuuzwa kwa sado au fungu. Ukilinganisha bei za masoko mawili, badilisha zote ziwe za kilo kwanza; debe la huku si sado la kule. Mizani ya kuning'iniza inajilipa msimu wa kwanza.

15. Ukame ulikuwa wa mahindi, mbona mayai yamepanda?

Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku, na chakula chake zaidi ya nusu ni mahindi na pumba. Banda likitaga asilimia 80, yai moja linakula gramu 150, trei ya mayai 30 kilo 4.5. Chakula kikipanda Sh 200 kwa kilo, trei inapanda Sh 900 mfugaji asipoongeza faida yoyote.

Maziwa hupanda mara moja, maana ng'ombe asiye na majani mabichi wala maji anakata maziwa ndani ya siku. Nyama ni kinyume: mwanzo wa ukame inashuka kwa sababu wafugaji wanauza kabla mifugo haijafa, kisha baada ya mvua kurudi inapanda na kukaa juu muda mrefu, kwa kuwa mitamba iliuzwa au ilikufa na ndama hawapo.

16. Umeme unahusikaje?

Mabwawa yakishuka, mgawo unaanza. Mashine za kukoboa na kusaga zinahamia dizeli au zinalala, na vyumba vya baridi vinatupa mzigo. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha Februari 2024, limepunguza mgawo, ila nalo ni maji ya Rufiji, na Ruaha Mkuu unaishia humo.

## Maswali ya pembeni

17. Mvua imenyesha sana. Mbona nyanya na vitunguu bado ni ghali?

Mazao haya hupendelea kiangazi chenye maji ya mfereji. Masika nyanya inaliwa na baka chelewa (ugonjwa wa ukungu), sumu inapigwa na kuoshwa siku hiyohiyo, gari linakwama. Vitunguu haviwezi kukaushwa. Kwa hiyo kuanzia mwanzo wa mwaka hadi Mei bei ya kitunguu huwa juu, kisha inashuka maeneo kama Mang'ola na Ruaha Mbuyuni yakianza kuvuna ya kiangazi. Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023 na mapema 2024 yalifanya hivyohivyo kwa kiwango kikubwa.

Na msimu wa jua kali usidhani umepona: kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, huzaliana upesi kwenye joto na ukavu, na gharama ya sumu inaingia kwenye gawanyo lilelile la swali la 1.

18. Ukame wa nchi nyingine unanigusaje mimi wa Kahama?

Kupitia lori. Mwaka 2024 ukame uliteketeza mahindi ya Zambia na Malawi, na Tanzania, iliyokuwa na ziada, ikawa muuzaji. Mahindi ya Rukwa yanayoelekea Tunduma hayaji kwenu. Mchele nao unaweza kuguswa hata pasipo ukame hapa: India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida Julai 2023, nchi zinazoagiza zilibaki kugombania wa kwingine. Zanzibar, inayoagiza sehemu kubwa ya mchele wake, huhisi mapema kuliko Shinyanga.

19. Serikali ikifunga mpaka, bei ya ndani si itashuka?

Itashuka wiki chache, shambani zaidi kuliko dukani. Kisha wanaolima kwa ajili ya soko hilo watapunguza ekari (swali la 4), na mahindi yatapita njia za panya na kurudi kama gharama. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Kabla ya mwezi kwisha ilikuwa imefungua tena kwa masharti. Malori yaliyokwama Namanga siku zile, hasara ilibaki kwa wenye mzigo.

20. Niuze mahindi sasa au nihifadhi mpaka bei ipande?

Hesabu bei unayohitaji, kisha jiulize kama ina uwezekano. Gunia la Sh 60,000 leo, kuhifadhi miezi mitano: mfuko usiopitisha hewa Sh 5,000, ghala Sh 2,500, upungufu wa uzito Sh 1,000, na gharama ya pesa yenyewe, asilimia 3 kwa mwezi kama una mkopo wa kikundi, Sh 9,000. Chini ya Sh 77,500 umepoteza.

Kausha mpaka unyevu wa asilimia 13.5 au chini. Ukikosa kipimo: weka punje na chumvi kavu kwenye chupa safi, tikisa, acha robo saa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Mfuko usiopitisha hewa unaua wadudu, haukaushi mahindi. Yaliyofungwa mabichi yanaota ukungu, na sumukuvu haiondoki kwa kupeta wala kupika.

21. Nitajuaje mapema kwamba bei inakwenda kupanda?

Angalia vitu vinavyotangulia soko. Utabiri wa vuli, masika na msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Bei ya mafuta: EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwenzake wa Kenya, EPRA, tarehe 14. Kimo cha mto mwezi Juni ukilinganisha na Juni iliyopita. Weka alama kwenye nguzo ya daraja.

Kwa nyanya, dalili nzuri kuliko zote iko kwenye vitalu. Mche unaohamishwa leo utaanza kuchumwa baada ya miezi miwili na nusu hadi mitatu. Wenye vitalu wakikwambia miche inalala bila wateja, soko la miezi mitatu ijayo litakuwa na mzigo mdogo. Wakikwambia foleni ni ndefu na mbegu imeisha dukani, na wewe ulikuwa unajiandaa kupanda, kwa ekari hiyo panda kitu kingine.